Ama-gi, neno la Wasumeri la kufuta madeni, na huyo mama aliyemo ndani yake

Kuna neno moja la Kisumeri limenikaa kichwani muda mrefu sasa, na kila nikisikia habari za mikopo linanijia. Neno lenyewe ni ama-gi, wengine wanaliandika amargi, na mara nyingi utalikuta limetafsiriwa "uhuru", tena wanasema ndo neno la uhuru la zamani zaidi tunalolijua kwenye maandishi ya binadamu. Ni kweli, lakini ukienda kwenye maandishi yenyewe unakuta halikuwa linaongelea uhuru wa bendera wala uhuru wa mtu kuropoka anachotaka, lilikuwa linaongelea madeni. Mtawala anatangaza kwamba madeni ya shayiri yamefutwa, watu waliochukuliwa kwa ajili ya deni waachiwe warudi makwao, na kitendo chote hicho kwa pamoja kinaitwa ama-gi.

Sasa ukilivunja hilo neno ndo utashangaa. Ama ni mama. Gi ni kurudi, au kurudisha. Kwa hiyo kufutiwa deni kwa Kisumeri ni kurudi kwa mama!

Mtaalamu mkubwa wa Kisumeri wa karne iliyopita, Samuel Noah Kramer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ndo aliyelifanya neno hili lijulikane kwa watu wa kawaida, na yeye aliandika kwamba kihalisi maana yake ni kurudi kwa mama ila sababu ya kutumia usemi huo haijulikani. Mimi nilivyosoma hapo nilisimama kidogo. Kwa heshima zote kwa mzee huyo, nadhani mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ambayo wadai wanagonga mlango hawezi kusumbuka sana kulielewa, maana deni likizidi linaanza na kuku, linahamia kwenye vyombo, linakuja kwenye shamba, halafu mwisho linafika kwa watu. Na watu wa kwanza kuondoka ni watoto.

Kuhusu mahali penyewe. Tunaongelea kusini mwa Iraki ya leo, katikati ya mito ya Tigri na Frati, kwenye dola ndogo iliyoitwa Lagash ambayo mji wake mkuu wa ibada ulikuwa Girsu, sasa hivi panaitwa Tello. Mwaka 1877 Mfaransa mmoja, Ernest de Sarzec, alianza kuchimba pale na vitu vingi alivyopata vikapelekwa Paris kwenye jumba la makumbusho la Louvre. Kati ya hivyo kuna koni za udongo zenye maandishi ya kabari yamezunguka pande zote, yaani mtu amechukua udongo mbichi akachora kwa unyasi uliochongwa ncha, ukakauka, na miaka zaidi ya 4,000 baadaye bado unasomeka. Alama ya neno mama kwenye mwandiko ule ni kisanduku chenye nyota ndani. Nyota ikisimama peke yake inasomeka mbingu, au mungu, wameiweka ndani ya kisanduku na kisanduku kikawa mama. Sitaki kuanza kupiga ramli hapo maana alama zingine waliziweka kwa ajili ya sauti tu, ila ukiiangalia mara moja huisahau.

Wa kwanza tunayemwona akilitumia neno hili anaitwa Enmetena, mtawala wa Lagash, kama mwaka 2400 KK hivi. Maandishi yake yanasema aliweka ama-gi kwa ajili ya Lagash, akamrudisha mama kwa mtoto, akamrudisha mtoto kwa mama, halafu yanaendelea hapo hapo kwamba aliweka ama-gi kwenye mikopo ya shayiri yenye riba. Yaani jamaa ameeleza mwenyewe, mama na mtoto mstari mmoja, mkopo wa shayiri mstari unaofuata. Akaenda mbele zaidi akawaachia na watu wa miji mingine, Uruk, Larsa na Bad-tibira, warudi kwao.

Na huyu Enmetena alikuwa anaijua riba ndani nje, manake yeye mwenyewe alikuwa mdai. Baba yake mdogo au mkubwa, sijui tumwiteje, Eannatum, ndugu wa baba yake, aliwahi kuwashinda jirani zao wa Umma kwenye ugomvi wa ardhi yenye maji na majani mazuri mpakani, akawaruhusu walime sehemu ya ile ardhi kwa masharti kwamba shayiri wanayoitumia ihesabike kama mkopo wa miungu ya Lagash, na mkopo una riba. Umma hawakulipa, riba ikawa inazaa riba, na kwenye koni ya Enmetena iliyopo Louvre deni limeandikwa kwa kiasi cha shayiri ambacho mji mzima usingeweza kukilipa hata wangelima karne nzima. Vita vikarudi. Kwa hiyo mtu yule yule aliyeandika deni lisilolipika la jirani zake ndiye aliyewafutia watu wake mikopo ya shayiri, na mimi hiyo naiona kama ushahidi kwamba alielewa vizuri kabisa hesabu ya riba inampeleka mkopaji wapi.

Tuiangalie hiyo hesabu kidogo, maana bila yenyewe neno linabaki pambo tu. Mkulima wa Mesopotamia, yaani nchi yote ile ya mito miwili, alikuwa anakopa shayiri miezi ile ya njaa kabla ya mavuno, ghala limebaki vumbi, watoto wanalia, anaenda kwa mwenye nacho au kwa hekalu. Viwango vya riba tunavyoviona kwenye vibao vya udongo vya zama za Babeli ni theluthi moja kwa shayiri na moja ya tano kwa fedha. Mavuno yakija mazuri analipa anabaki na kidogo, mwakani anakopa tena. Mavuno yakiwa mabaya hana cha kulipa, na hapo ndo anapotoa mtu. Anampeleka binti au mtoto wa kiume, au mke, akakae kwa mdai afanye kazi, na kwa mikataba mingi ya namna hii kazi ya yule mtoto ilihesabika ni riba tu, deni lenyewe linabaki pale pale halijaguswa. Mtoto anasaga nafaka miaka nenda rudi na baba bado anadaiwa kama alivyokuwa anadaiwa siku ya kwanza.

Wala hatuna haja ya kujifanya haya mambo ni ya mbali. Sisi tuna neno rehani, tumelitoa kwenye Kiarabu, na leo ukilisikia unafikiria hati ya nyumba au pikipiki, lakini pwani yetu hii hii watu waliwahi kuwekwa rehani. Kwenye njaa kali ya katikati ya miaka ya 1880 pwani ya Kenya, familia za Wamijikenda zilipeleka watoto wao kwa wafanyabiashara wa Mombasa na miji ya jirani ili wapewe nafaka, kwa makubaliano kwamba mvua ikinyesha na shamba likitoa watawakomboa. Wengine walikombolewa. Wengine walipofuatwa walikuta mtoto ameshauzwa utumwani, kapakiwa jahazini, na hakuna wa kumuuliza. Mama wa Kigiriama wa mwaka 1884 asingehitaji profesa wa kumwelezea ama-gi.

Baada ya Enmetena, kama nusu karne hivi, anakuja Urukagina, wengine sasa wanalisoma jina lake Uruinimgina, na huyu ndo ninayempenda zaidi kwa sababu maandishi yake yana vitu vya mtaani kabisa. Anaanza kwa kueleza hali ilivyokuwa kabla yake, na anataja mambo kwa majina. Anasema ukimpeleka maiti wako makaburini, mhusika wa mazishi alikuwa anachukua mitungi 7 ya bia na mikate 420, mbali na nafaka na vingine. Hebu fikiria umefiwa, na kabla hujafukia unadaiwa mikate 420! Yeye akashusha, mitungi 3 na mikate 80. Anasema mnyonge akiwa na nyumba imepakana na nyumba ya mkubwa, na mkubwa akaitaka, mnyonge ana haki ya kusema nilipe bei itakayoridhisha moyo wangu, na asipokubali kuuza mkubwa hana ruhusa ya kumpiga. Ukiona sheria inakataza kitu ujue kilikuwa kinafanyika, kwa hiyo walikuwa wanapigwa. Halafu akasafisha gereza, akawatoa waliofungwa kwa madeni na kwa makosa mengine, akaweka ama-gi yao, na akafunga agano na mungu wao Ningirsu kwamba mjane na yatima hatamkabidhi kwa mwenye nguvu.

Hakudumu. Lugalzagesi wa Umma, wale wale jirani wa lile deni, akaja akaivamia Lagash akachoma mahekalu. Kuna watu wanatumia hiyo kusema mageuzi yake yalikuwa ya bure, mimi sikubaliani nao, mji unaweza kushindwa vitani na bado ukawa ulitenda haki.

Neno likahamia lugha nyingine. Wababeli walikuwa wanaongea Kiakadi, ambacho ni ndugu wa Kiarabu na Kiebrania, na waandishi wao walilitafsiri ama-gi kuwa andurarum. Ndani ya andurarum mama hayupo tena, kuna wazo la kwenda bila kuzuiwa, la kitu kinachorudi kilikotoka. Na pembeni yake wakawa na neno misharum, kunyoosha, yaani mfalme ananyoosha nchi iliyopinda. Mfalme mpya akikaa kwenye kiti ilikuwa kama desturi atangaze misharum, na tuna habari kwamba tangazo liliambatana na mwenge wa dhahabu kuinuliwa juu watu waone. Mfalme Hammurabi wa Babeli alitawala kuanzia 1792 mpaka 1750 KK, na mwaka wake wa 2 unaitwa kabisa mwaka aliposimamisha haki nchini, maana wao miaka yao waliipa majina ya matukio. Mwanae Samsuiluna ameacha barua akisema baba anaumwa, mimi nimeshika kiti, nimefuta malimbikizo, na vibao vya madeni nimevivunja. Kuvunja kibao wao halikuwa neno la mdomoni tu, mkataba ulikuwa udongo, ukiuvunja hakuna mkataba.

Tangazo lililotufikia likiwa na vifungu vingi kuliko mengine ni la Ammisaduqa, kitukuu wa ukoo huo huo, mwaka 1646 KK kwa hesabu wanayoitumia wengi. Hili nililisoma kifungu kwa kifungu, na watu wanaodhani zamani walikuwa wanafuta madeni kwa huruma tu ya kiholela wangelisoma wangenyamaza. Linasema aliyemkopesha mtu shayiri au fedha kwa riba deni lake limekufa kwa sababu mfalme ameweka misharum, na akilikusanya kwa nguvu baada ya tangazo arudishe alichochukua, asiporudisha atauawa. Linasema mdai akijifanya mjanja akaandika mkopo kama vile ni mauzo au amana ili ukwepe tangazo, ushahidi ukitoka imekula kwake. Linasema mwanamke mwenye kilabu aliyewapa watu bia au shayiri kwa mkopo hana ruhusa ya kudai. Lakini sasa, pesa iliyotolewa kwa ajili ya biashara, ya msafara, ya ubia wa faida, hiyo haifutwi, unalipa. Yaani miaka 3,600 iliyopita walishatenganisha mkopo wa kula na mkopo wa kuzalisha, na huruma ikaelekezwa kwa yule aliyekopa ili watoto wasilale njaa. Hapo kwa mama wa kilabu naona uchungu kidogo, maana naye ni mtu wa chini, ila ndivyo walivyoamua.

Na ilikuwa haichukuliwi kama muujiza. Kuna vibao vingi vya mikopo ya kawaida vimeandikwa kabisa kwamba mkopo huu umetolewa baada ya misharum ya mfalme, kumaanisha mdai anajikinga, anajua tangazo likitoka la kwake linakwenda na maji. Watu walikopeshana miaka yote hiyo wakijua kufutwa kupo, na biashara haikufa.

Kwa nini wafalme walifanya hivyo? Sitaki kuwafanya malaika. Mkulima aliyegeuka mtumwa wa deni hendi jeshini, hachimbi mifereji ya mfalme, halipi kodi, nguvu zake zote zinakwenda kwa mdai, na mdai mwenye watu wengi chini yake kesho ni mfalme mwingine. Kwa hiyo waliokoa watu na waliokoa kiti. Mimi hainisumbui, sababu ya mtawala ikilingana na haja ya mama mwenye mtoto, mtoto arudi nyumbani.

Kwenye sheria za Hammurabi kuna mbili ambazo ningependa kila anayekopesha hapa kwetu azisome. Ya 48 inasema mtu mwenye deni, mungu wa mvua akilifurikisha shamba lake au shayiri isiote kwa kukosa maji, mwaka huo hatoi nafaka kwa mdai, kibao chake ataloweka majini, na riba ya mwaka huo halipi. Ya 117 inasema mtu akibanwa na deni akamtoa mke wake au mwanae au binti yake, watafanya kazi nyumba ya aliyewachukua miaka 3, mwaka wa 4 wanapata andurarum yao. Miaka mitatu, basi.

Nina shangazi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijijini, mbali na kwao. Alikopa kwa mtu, sio benki, ile mikopo ambayo watu wameipa jina kausha damu, na jina halikukosea. Alikopa laki tatu mtoto wake alipokuwa anaanza kidato cha kwanza, sare, godoro, trunka, ndoo, jembe, zile orodha tunazozijua. Dhamana ilikuwa kadi yake ya benki. Anamwachia mtu kadi na namba ya siri, mwisho wa mwezi mtu anatoa mshahara, anakata chake, anampa kilichobaki. Niliwahi kwenda naye mjini siku ya mshahara nikaona kwa macho yangu. Kijana amesimama kwenye foleni ya mashine ya pesa ameshika bunda la kadi zimefungwa na mpira, kila kadi ina kipande cha karatasi kimebandikwa na selotepu na namba nne juu yake, anaingiza moja anatoa, anaingiza nyingine, na pembeni kwenye kivuli cha ukuta wamekaa walimu na mhudumu mmoja wa zahanati wanasubiri kuitwa majina kupewa hela zao wenyewe. Hakuna aliyekuwa anaongea kwa sauti. Shangazi aliitwa akapewa elfu sabini na mbili, akaniambia twende tukanywe chai mwanangu, na chai hakuinywa.

Na asilimia ile ikawa inakata kila mwezi lakini deni halishuki, kama yule mtoto wa Mesopotamia anayesaga nafaka. Krismasi ikapita hakwenda kwa bibi, nyingine ikapita, nauli haipo. Bibi anapiga simu anauliza, huyu mwanangu nimemkosea nini. Hakumkosea kitu, deni tu. Ndo maana nasema hilo neno la Wasumeri sioni kama ni fumbo, mtu mzima mwenye cheti na ajira ya serikali alikuwa hawezi kurudi kwa mama yake.

Sijui ni walimu wangapi wako hivyo, ila ukikaa na watumishi wa vijijini utasikia mwenyewe. Na mjini kuna ile ya kwenye simu, unakopa elfu hamsini usiku, wiki ijayo namba zote za kwenye simu yako zimetumiwa meseji kwamba wewe ni tapeli, mpaka fundi wako wa cherehani anajua. Mwaka 2024 Benki Kuu yetu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali na ikatangaza orodha ya app zaidi ya 60 zisizo na kibali zikatazwe. Ni hatua, na naishukuru. Lakini kufunga app ni jambo moja, na mtu aliyeshazama ni jambo lingine, hilo la pili bado halina tangazo.

Turudi kwenye neno maana safari yake haijaisha. Andurarum ikaingia Kiebrania kama deror, ndo hiyo iliyopo Mambo ya Walawi 25, mwaka wa hamsini, pembe ya kondoo inapigwa, kila mtu anairudia milki yake na jamaa yake. Kurudi tena! Kwenye Kumbukumbu la Torati 15, ambapo ni kila mwaka wa saba, Biblia yetu ya Kiswahili ya Union ilitumia neno maachilio, neno zuri ambalo siku hizi halisikiki sana nje ya kanisa. Deror hiyo hiyo ni jina la ndege pia, kwenye Zaburi ya 84, yule mbayuwayu aliyejipatia kioto cha kuweka makinda yake. Na pembe ya kondoo kwa Kiebrania ndo yobel, tukapata yubile. Kwetu yubile imebaki sherehe, masista wametimiza miaka 25 ya nadhiri, vitenge vya sare, pilau, ng'ombe amechinjwa, na mimi nafurahia sana hizo sherehe, lakini ile sehemu ya mdai kuachilia tumeiacha njiani.

Tofauti kubwa waliyoileta Waebrania ni kwamba waliitoa mikononi mwa mfalme. Babeli ulisubiri mfalme apende, hapa ikawa kalenda, ukifika mwaka umefika. Na ikaleta shida yake, wenye pesa wakawa hawakopeshi mwaka wa saba ukikaribia, mpaka Hillel, mwalimu mkubwa wa Yerusalemu, akatengeneza utaratibu ulioitwa prosbul, deni linakabidhiwa baraza la mahakama na kwa hiyo halifutwi. Alifanya kwa nia ya kuwasaidia maskini wapate mkopo, na kweli walipata, ila maachilio yenyewe yakaisha nguvu. Na kabla ya hapo kuna kile kisa cha Yeremia 34 ambacho kinaniuma kila nikikisoma. Wababeli wameuzingira mji, mfalme Sedekia anatangaza deror, watu wanawaachia watumwa wao wa Kiebrania kwa agano. Jeshi likarudi nyuma kidogo, hatari ikaonekana imepungua, wakawakamata tena wale wale waliowaachia. Nabii akawaambia basi na mimi nawatangazia uhuru, uhuru wa upanga, tauni na njaa.

Ule mstari wa Walawi 25:10 ndo umeandikwa kwenye kengele ya Philadelphia, iliyoagizwa mwaka 1751, ambayo waliopinga utumwa wa Wamarekani weusi waliichukua miaka ya 1830 wakaipa jina la Kengele ya Uhuru. Na ama-gi yenyewe, kwa maandishi ya kabari, ni nembo ya taasisi ya Liberty Fund ya jimbo la Indiana, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1960, watu wanaotetea soko huria na serikali isiyoingilia. Wana haki ya kuchagua nembo, lakini mimi naona wamechukua nusu ya neno. Ama-gi ilikuwa ni serikali inaingilia, tena katikati kabisa ya mkataba wa watu wawili, inaushika mkataba inauvunja.

Sisi kama nchi tuliwahi kuonja. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alikuwa akiuliza hadharani kama tunapaswa kuwalaza watoto wetu njaa ili tulipe madeni, na miaka hiyo alionekana mkorofi. Mei 1998 watu kama 70,000 wakashikana mikono Birmingham, Uingereza, kuzunguka mkutano wa mataifa makubwa, chini ya kampeni ya Jubilee 2000 iliyochukua jina lake kutoka Walawi hiyo hiyo. Uganda ilipata nafuu mwaka huo huo, Tanzania tukafika mwisho wa mchakato wa kufutiwa madeni Novemba 2001 tukaondolewa madeni ya takriban dola bilioni 3 kwa hesabu ya miaka yote. Ada ya shule ya msingi ikafutwa wakati ule ule, madarasa yakafurika, watoto wenye ndevu wakakaa darasa la kwanza pamoja na wadogo zao. Msongamano ulikuwa mkubwa na vitabu vilikuwa haba, lakini walikuwa ndani ya darasa. Kwa hiyo hakuna mtu wa kuniambia mimi kufuta deni ni ndoto ya wasomi, wapo watu wanasoma makala hii kwa sababu deni lilifutwa.

Ila lilikuwa deni la nchi. Deni la mtu kwa mtu tuna mahali pamoja tu tunapolitangazia maachilio hadharani, makaburini. Unajua ilivyo, kabla ya kuzika au baada ya swala mtu wa familia anasimama anasema, kama kuna yeyote anayemdai marehemu ajitokeze aone na familia, na mwenye kuweza kumsamehe amsamehe. Na watu wanasamehe! Nimesikia mtu anasema pale pale nilikuwa namdai laki nne nimemwachia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na ni mtu ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa anamzungusha yule marehemu mjini kama mwizi. Qur'ani inasema mdaiwa akiwa na shida apewe muda mpaka apate, na kumwachia kabisa kama sadaka ni bora zaidi, Al-Baqara aya ya 280, na kwenye watu wanane wanaostahili zaka wenye madeni wametajwa. Aya ile inamwongelea mtu aliye hai, anayehangaika, anayejificha simu ikiita. Tunao moyo wa kuachilia, tatizo tunamngojea mtu afe.

Tangazo la namna ya Ammisaduqa likiandikwa Tanzania leo, ningependa mkopo wa duka, wa bodaboda, wa mashine ya kusaga uachwe ulivyo, watu walipe, hao wa Babeli walikuwa sahihi. Mwenye shamba lililokauka asitozwe riba ya mwaka huo, kama sheria ya 48. Aliyeshalipa riba iliyozidi mkopo wenyewe asidaiwe tena. Na kifungu cha kwanza kabisa, kabla ya vyote hivyo, kiseme kila anayeshikilia kadi ya benki ya mtu mwingine airudishe kwa mwenyewe ndani ya siku 7, na namba ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo.